Lazima Aje, Lazima Atakuja: Vitenzi vya Modali na Vielezi vya Ukisio baina ya Kiswahili na Kiingereza, kwa Mifano ya Mpanda na Katavi

Reli itokayo Kaliua hukoma Mpanda. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba, na ingawa mgodi ule ulifungwa, treni ya abiria iliendelea kwa miaka mingi kuwa jambo la kuulizwa: itafika lini? Anayeulizwa aweza kujibu, “Treni lazima ifike leo.” Aweza pia kujibu, “Treni lazima itafika leo.” Majibu haya yanakaribiana mno kwa sikio, lakini yako mbali kwa maana. Mwenye jibu la kwanza ametaja sharti: pana ratiba, au pana amri, au pana mgonjwa anayepaswa kusafirishwa kesho alfajiri. Mwenye jibu la pili hakutaja sharti lolote. Yeye amekisia, tena amekisia kwa kujiamini. Atakayetafsiri neno kwa neno ataandika kitenzi cha Kiingereza “must” katika sentensi zote mbili, na tofauti yote iliyokuwamo itakuwa imezama. Kwa sentensi ya pili Kiingereza chenyewe kingependelea “is bound to”, msemo ambao mwanafunzi wa sekondari hukutana nao kwa nadra.

Mhadhara huu unahusu maneno ya aina mbili na jinsi yanavyoandamana. Aina ya kwanza ni vitenzi vya modali, yaani vile vinavyoeleza uwezo, ruhusa, wajibu au uwezekano. Aina ya pili ni vielezi vinavyopima uhakika wa msemaji: labda, pengine, huenda, yamkini, hakika, bila shaka. Kuhusu Kiingereza, mwandamano huo umeandikiwa kurasa nyingi. Kuhusu Kiswahili umepitwa kwa haraka. Sarufi ya Ashton ya mwaka 1944, ambayo vitabu vingi vya baadaye viliifuata, ilimfundisha mwanafunzi kwamba maneno kama lazima na sharti hufuatwa na dhamira tegemezi, ile inayoishia na -e. Fundisho hilo ni sahihi, ila ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo yenye matata.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba lugha hizi mbili zimegawa kazi kwa namna tofauti. Katika Kiingereza kitenzi cha modali hutaja kiwango cha nguvu, na kielezi huja kukubaliana nacho au kukipinga. Katika Kiswahili umbo la kitenzi kinachofuata hutaja aina ya maana, kama ni wajibu au ni ukisio, na kielezi ndicho hupima kiwango. Asiyeliona hilo atafasiri maneno na kuiacha sentensi.

Mpanda imechaguliwa kwa sababu maalumu. Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ni nchi ya Wapimbwe, Wabende, Wakonongo, Watongwe na Warungwa. Wafipa wamekuja kutoka kusini, Wasukuma wameingia na mifugo yao, na katika makazi ya Katumba, yaliyofunguliwa mwaka 1973, na ya Mishamo, yaliyofunguliwa mwaka 1978, Kirundi kimezungumzwa kwa vizazi kadhaa. Huko ziwani Karema kulikuwa na kituo cha Wabelgiji tangu mwaka 1879, kisha misheni ya Mapadri Weupe tangu mwaka 1885. Kwa watu wazima wengi wa mkoa huu, Kiswahili ni lugha iliyoongezwa juu ya lugha ya nyumbani, na Kiingereza ni lugha ya tatu, inayoanza kudaiwa kwa dhati pale mtoto anapoingia kidato cha kwanza. Mahali pa namna hii, kila sentensi yenye “lazima” au “labda” imeshapita katika mizani zaidi ya moja kabla haijafika kwa mwalimu, karani au hakimu.

Kiingereza kwanza, kwa ufupi

M. A. K. Halliday, katika makala yake ya mwaka 1970, alionyesha kwamba kitenzi cha modali na kielezi cha Kiingereza vikiwa na nguvu zinazolingana huhesabiwa kuwa kitu kimoja kilichosemwa mara mbili, na nguvu zisipolingana huhesabiwa mara mbili, moja juu ya nyingine. John Lyons mwaka 1977 aliuita uhusiano wa kwanza upatanifu. Kwa hiyo katika “She may possibly come” shaka ni moja tu. Kitenzi kinakisia kwa wepesi, na kielezi kinaitikia. Katika “She must surely be home” uhakika pia ni mmoja. Lakini mtu akisema “Perhaps she must go”, kielezi na kitenzi havipatani, na sikio la Mwingereza hulazimika kukisukuma “must” kwenye maana ya wajibu: huenda ikawa ni wajibu wake kwenda. Kielezi kimefanya kazi ambayo umbo la kitenzi halikuifanya, kwani “go” ni “go” tu.

Lipo pia jambo dogo linalowatesa wanafunzi. Kielezi “possibly” hakikai vizuri na “can” katika sentensi ya kukubali, lakini katika kukanusha hukaa sana, tena huongeza ukali: “He can't possibly come.” Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba “possibly” ni “labda” ataona hapo shaka, kumbe ni kinyume chake. Kiswahili kingesema “Hawezi kabisa kuja” au “Hawezi kuja hata kidogo.” Hakuna “labda” katika sentensi hiyo na wala haitakiwi.

Asili ya labda

Kabla ya kufika kwenye miundo, yafaa kutua kidogo kwenye maneno yenyewe, maana historia yao ni ya kushangaza. “Labda” ni neno la Kiarabu, “la budda”, na katika Kiarabu maana yake ni hakuna pa kukwepea, yaani lazima. “Budi” ya Kiswahili, kama katika “hana budi kwenda”, imetoka katika shina hilohilo. Hivyo Kiswahili kilipokea msemo mmoja na kuupasua: upande mmoja ukabaki na maana ya wajibu usioepukika, upande wa pili ukaishia katika shaka. Msemaji wa leo anayesema “labda hana budi kuja” ameliweka neno moja mara mbili katika sentensi moja, mara ya kwanza likiwa limelegea na mara ya pili likiwa bado limekaza.

Kulegea huko si ajali ya neno moja. “Bila shaka” nayo inafuata njia hiyo. Kwa maana ya maneno yake, shaka imeondolewa. Kwa matumizi ya kawaida, mwenyeji anayemwambia mgeni “bila shaka umechoka” hana ushahidi wa uchovu, amekisia tu kwa adabu. Aliyekwisha kuyaona macho mekundu ya mgeni husema “umechoka”, basi. Maneno ya uhakika huchakaa kwa kutumiwa pale ambapo uhakika haupo, kwa kuwa mwenye kujua hana haja nayo. “Huenda” imefika kwa njia nyingine: ni kitenzi -enda chenye kiambishi hu- cha mazoea, kilichoacha kubeba nafsi na kuganda kuwa kielezi. “Lazima”, “sharti” na “yamkini” ni za Kiarabu; “pengine” ni ya Kibantu, na bado inasikika katika maana yake ya mahali na ya wakati, “mahali pengine”, “pengine hucheka, pengine hulia”.

Kwa hiyo ni kazi bure kuyapanga maneno haya kwa nguvu kwa kuangalia asili yake. Nguvu yao hutambulikana ndani ya sentensi.

Umbo la kitenzi kinachofuata

Yaangaliwe matumizi manne ya “lazima” na mtu mmoja anayezungumziwa:

(1) Lazima aje.
(2) Lazima atakuja.
(3) Lazima amekuja.
(4) Lazima atakuwa amekuja.

Sentensi ya (1) peke yake ndiyo ya wajibu. Zile tatu zilizobaki ni za ukisio: msemaji anapima ushahidi alio nao na kufikia hitimisho. Neno “lazima” halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kitenzi cha mbele yake. Dhamira tegemezi huiweka habari katika mambo yanayotakiwa yawe. Njeo na hali, -ta-, -me-, -li-, -na-, huiweka katika mambo yanayosemwa kuwa ndivyo yalivyo. Kosa linalotokana na kuchanganya haya linaonekana wazi katika jozi ifuatayo:

(5) Lazima atakuwa mgonjwa.
(6) Lazima awe mgonjwa.

Sentensi ya (5) ni ya mtu anayemhurumia mwenzake asiyeonekana sokoni siku ya pili. Sentensi ya (6), kwa kawaida, ni sharti: ili apokelewe mahali fulani, hospitalini kwa mfano, ni lazima mtu awe mgonjwa. Kiingereza huziandika zote mbili “He must be ill.” Mwanafunzi wa Mpanda anayeitafsiri sentensi hiyo ya Kiingereza, akiwa amekariri kwamba “lazima” hufuatwa na -e, ataandika (6) na kupata maana asiyoikusudia. Kanuni aliyoishika ni ya kweli, ila ameitumia mahali pasipo pake.

“Sharti” haina uhuru huo. “Sharti aje” inasimama. “Sharti atakuwa mgonjwa” haisimami. “Inabidi” na “inapasa” ziko upande wa “sharti”. Miongoni mwa maneno haya ya wajibu ni “lazima” hasa iliyovuka mto na kuingia katika ukisio, na hata ilipovuka iliacha alama ya -e ng'ambo.

Kwa upande wa shaka mambo yamepinduka. “Labda” na “pengine” hupenda njeo: “labda atakuja”, “pengine amekwisha kuja”. Zikipewa dhamira tegemezi, shaka huondoka na mahali pake hushikwa na pendekezo. “Labda aje kesho” haikisii kuja kwake. Inashauri, na kwa kuwa kushauri ni kugusa uso wa mtu, “labda” imewekwa kulainisha. “Huenda” ina tabia yake pekee. Hukubali njeo, “huenda atakuja”, lakini umbo linaloipendeza zaidi ni lile la -ka-: “huenda akaja”. Kiambishi hicho, ambacho katika masimulizi hufuatanisha matukio, hapa hakifuatanishi chochote. Kinaonyesha tukio lililo mbele ya fikra, lisilotokea bado na lisilo na hakika ya kutokea.

Upatanifu aliouzungumzia Lyons unaonekana katika Kiswahili bila taabu pale penye “atakuwa”. Mtu akisema “Atakuwa amelala”, -ta- haizungumzii kesho. Inakisia hali ya sasa. Juu ya ukisio huo kielezi hupanda na kushuka:

(7) Labda atakuwa amelala.
(8) Bila shaka atakuwa amelala.
(9) Lazima atakuwa amelala.

Katika sentensi zote tatu kitenzi ni kilekile, na aina ya maana ni ileile. Kinachotofautiana ni kiwango tu, nacho kimebebwa na kielezi peke yake. Kiingereza kingelazimika kubadili kitenzi cha modali chenyewe, kutoka “may” hadi “must”, ndipo kielezi kifuate. Hapo ndipo mgawanyo wa kazi uliotajwa mwanzoni unapojidhihirisha. Bali mgongano hukataliwa na lugha zote mbili: “labda lazima atakuja” huwafanya wasikilizaji wageuke kumtazama msemaji.

Kitenzi -weza na -ka- yake

Kitenzi -weza ndicho chenye kazi nyingi kuliko vyote, na ndicho kinachofundishwa kwa wepesi kuliko vyote. Si kitenzi cha modali kwa umbo, kama “can” ya Kiingereza ilivyo na umbo lake la pekee. -Weza hupokea kila njeo, hunyumbulishwa, huzaa nomino. Umodali wake uko katika maana. “Anaweza kuja” yakubali kusomwa kwa njia tatu: ana nguvu au nafasi ya kuja, ameruhusiwa kuja, yawezekana akaja. Kirundi cha Katumba na Mishamo nacho kina -shobora inayochukua uwezo na uwezekano pamoja, hivyo msemaji anayevuka kutoka Kirundi hadi Kiswahili hapati kizuizi hapa, na pengine ndiyo sababu hana cha kumzindua.

Lakini Kiswahili kinayo njia ya kuzitenga maana hizo, na njia hiyo si kielezi. Ni -ka- ileile ya “huenda”:

(10) Anaweza kuja.
(11) Anaweza akaja.

Sentensi ya (11) karibu kila mara ni ya uwezekano tu. Anayesema “naweza nikachelewa” hajisifu uwezo wa kuchelewa wala haombi ruhusa. Kitenzijina huacha milango yote wazi. -Ka- huifunga miwili. Ukiongezwa kielezi, tofauti huzidi kuonekana. “Labda anaweza kuja” haina shaka moja iliyosemwa mara mbili, bali ina shaka juu ya uwezo: labda ana nauli, labda kazi imempa nafasi. “Labda anaweza akaja” ndiyo yenye upatanifu, shaka juu ya shaka ya aina moja. Hivyo kielezi cha shaka hukisukuma -weza chini, kwenye uwezo, isipokuwa -ka- ikizuie. Mwalimu wa Kiingereza anayekuta katika daftari “Maybe he can come” mahali palipohitaji “He may come” asidhani amekuta uzembe. Amekuta sarufi ya Kiswahili imeandikwa kwa maneno ya Kiingereza.

Na mahali pa kielezi? Kiingereza hupenda kukiweka katikati, baina ya kitenzi cha modali na kitenzi kikuu. Kiswahili huruhusu katikati vielezi vya kiasi na vya mkazo, “anaweza kabisa kuja”, “anaweza pia kuja”. Vielezi vya shaka hukaa nje, mwanzoni mwa sentensi au mara baada ya kiima. Vikiwekwa mwisho, “atakuja, labda”, huwa ni mawazo yaliyokuja baada ya sentensi kwisha.

Neno “anaweza” limewahi kuwa na uzito mkubwa katika mkoa huu. Kuanzia mwaka 2007 wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 walipewa nafasi ya kuchagua baina ya kurudi na kuomba uraia wa Tanzania, na zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa. Mwanzoni uraia huo ulifungamanishwa na kuhama makazi yale na kusambaa katika mikoa mingine. Mpango wa kuwahamisha ukasitishwa, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Katika miaka ya katikati, sentensi kama “Watu hawa wanaweza kubaki” ilikuwa na maana tatu kwa pamoja. Uwezo walikuwa nao, kwa kuwa walikuwa na nyumba na mashamba. Uwezekano ulikuwapo. Ruhusa ndiyo iliyokuwa haijasemwa. Angalau “wanaweza wakabaki” isingemdanganya mtu: ingemwambia kwamba jambo bado linangojewa.

Kukanusha

Sarufi huonyesha ubora wake pale inapokanusha. “He may not come” ya Kiingereza ina maana mbili, hakuruhusiwa au huenda asije, na ni sauti ya msemaji inayoziamua. Kiswahili huziamua kwa mahali pa ukanushi:

(12) Hawezi kuja.
(13) Anaweza asije.

Katika (12) kilichokanushwa ni kuweza. Katika (13) ni kuja. Kadhalika “si lazima aje” inaondoa wajibu, na “lazima asije” inaweka katazo, tofauti ambayo Kiingereza hulazimika kubadili kitenzi, “need not” na “must not”, ili kuionyesha. Umbo la tatu, “lazima hatakuja”, ni ukisio tena: msemaji ana hakika kwamba hatamwona. Maumbo matatu, maana tatu, na neno “lazima” halijaguswa.

Shahidi, kumbukumbu na sheria

Hadi mwaka 2021, katika mahakama za wilaya na zilizo juu yake, shahidi aliweza kusema kwa Kiswahili, lakini kumbukumbu ya ushahidi na hukumu viliandikwa kwa Kiingereza. Mahakama za mwanzo zilikuwa zikitumia Kiswahili muda wote. Kwa hiyo mkulima wa Mpimbwe aliyesimama kizimbani Mpanda alizungumza kwa sarufi moja na kuandikwa kwa nyingine, na mwandishi alikuwa ni hakimu mwenyewe, akisikiliza na kuandika kwa mkono mmoja. Shahidi akisema “Lazima alipita pale”, amekisia kutokana na nyayo. Akisema “Ilibidi apite pale”, ameeleza kwamba njia nyingine haikuwapo. Kwa bahati njema, katika wakati uliopita Kiingereza kina maumbo mawili, “must have passed” na “had to pass”, na mwandishi makini angeweza kuyatumia. Katika wakati uliopo bahati hiyo haipo. “Lazima atakuwa yeye” ikiandikwa “It must be him” imefika salama. “Anaweza akawa yeye” ikiandikwa “It can be him” imefika ikiwa imevunjika, kwa kuwa “can” ya kukubali haikisii namna hiyo, na atakayeisoma kwenye rufaa hatamwona shahidi usoni.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibaki kwa pale haki inapokihitaji. Ugumu haukuondoka, umehamia kwa mtafsiri wa sheria. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, katika kifungu cha 53, imeweka wazi kwamba “may” inapotoa mamlaka humpa mwenye mamlaka hiari ya kuyatumia au kuyaacha, na kwamba “shall” humlazimisha kutekeleza. Katika Kiswahili cha sheria “may” imezoea kuwa “anaweza” au “aweza”, neno lile lenye njia tatu, na “shall” imezoea kuwa -ta-: “mwajiri atalipa”. Msomaji wa sheria anajua kwamba -ta- hii si ya utabiri. Msomaji wa barazani hajui, na hana kosa, kwa kuwa ni -ta- ya “treni itafika”.

Hapa lipo shimo ambalo mwandishi mwema hutumbukia kwa nia njema. Akihisi kwamba “mwajiri atalipa” haina nguvu ya kutosha, ataongeza kielezi: “mwajiri lazima atalipa”. Amedhani ameongeza wajibu. Kwa sarufi iliyoelezwa katika (2), ameugeuza kuwa ukisio wa mtu anayejiamini: nina hakika mwajiri huyu atalipa. Wajibu ulihitaji “lazima alipe”, au “atawajibika kulipa”, au -ta- tupu iachwe ifanye kazi yake ya kisheria bila msaidizi.

Ukanushi wa -paswa ni hatari zaidi, kwa sababu hauna umbo la kuuokoa. “Anapaswa kulipa” haina utata. “Hapaswi kulipa”, kwa kufuata mahali pa ukanushi kama katika (12), ingekuwa na maana ya kuondolewa wajibu: halazimiki kulipa, akipenda alipe. Katika mazungumzo ya kila siku, Mpanda kama Dar es Salaam, “hapaswi” mara nyingi huwa katazo: asithubutu. “Hatakiwi” inafanya vivyo hivyo. Mzazi anayesoma tangazo kwamba mwanafunzi fulani “hapaswi kulipa ada” ataelewa msamaha, kwa kuwa ada ni mzigo. Akisoma kwamba mwanafunzi “hapaswi kutoka nje ya uzio” ataelewa katazo, kwa kuwa kutoka nje ni raha. Sentensi zina umbo moja. Kinachoamua ni ujuzi wa msomaji juu ya ada na uzio, na sheria haipaswi kuandikwa kwa kutegemea ujuzi huo, hasa pale jambo lenyewe si mzigo wala raha, kama kusaini hati ya shamba au kufika mbele ya baraza la ardhi la kata. Kwa msamaha lugha inayo “halazimiki” na “si lazima alipe”. Kwa katazo inayo “haruhusiwi” na “ni marufuku”. Yote yako tayari katika Kiswahili cha sokoni Mpanda, na mfasiri wa sheria hahitaji kubuni hata neno moja.